Awali ni Awali? Johannesburg na Mkia wa Ziara

Waungwana, wahenga wetu walisema awali ni awali, hakuna awali mbovu. Mie ni mtu wa kuheshimu methali, lakini hii sikubaliani nayo hata kidogo linapokuja suala la bendi za muziki wa roki na ziara zao za dunia. Naandika haya nikiwa Johannesburg, mji ambao tangu ulipofunguliwa milango yake mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa mara nyingi ukipangwa mkiani.

Ubishi wenyewe ni huu. Bendi kubwa ikitoa albamu huanza ziara. Inaweza kupiga maonyesho tisini, mia au zaidi, kwa mwaka mmoja au miwili. Wapenzi wake hugawanyika makundi mawili. Wako wanaosema nenda mwanzoni: wanamuziki bado wana hamu, sauti ya mwimbaji haijachakaa, na wewe mtazamaji hujui wimbo gani unafuata. Na wako wanaosema ngoja mwishoni: makosa yamesharekebishwa, nyimbo zimekolea, wapigaji wanaelewana kwa kutupiana jicho tu. Watu wa London na New York hulijadili jambo hili kama mtu anayechagua maembe sokoni, kwa sababu wao wanao uchaguzi. Sie wa huku kusini hatuna. Tunaletewa kilichobaki baada ya Ulaya na Marekani kushiba, na hapo ndipo swali linapouma: hivi tunapakuliwa wali, au tunakwanguliwa ukoko? (Ingawa waliokulia majumbani kwetu wanajua kwamba ukoko nao hupiganiwa.)

Mkia huu una sababu zake, wala si dharau tupu. Onyesho la uwanjani linataka joto. Kaskazini joto lao ni Juni hadi Agosti, na huko ndiko kwenye viwanja vingi vilivyokaribiana, barabara za kupitisha malori usiku kucha, na wanunuzi wenye sarafu ngumu. Kwetu joto ni Oktoba hadi Machi. Basi bendi ikimaliza kaskazini ndipo inapovuka kuja Amerika ya Kusini, Australia na Afrika Kusini, na shehena yote ya mitambo husafirishwa kwa ajili ya maonyesho mawili matatu, Cape Town na Johannesburg, kisha basi. Michael Jackson, ambaye hakuwa mtu wa roki lakini biashara ni ile ile, aliianza ziara yake ya HIStory mjini Prague Septemba 1996 na kuimaliza Durban tarehe 15 Oktoba 1997. Dar es Salaam na Nairobi hata kwenye mkia hazikuwamo. Wenzetu wa huko wakisikia mtu wa Johannesburg akilalamika kwamba ameletewa mwisho, wana haki ya kucheka.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe, maana ipo moja inayofaa kuliko zote. U2, wale vijana wa Dublin ambao leo ni wazee, waliianza ziara yao iliyoitwa PopMart katika uwanja wa Sam Boyd, Las Vegas, tarehe 25 Aprili 1997. Waliimaliza katika Johannesburg Stadium, pale Doornfontein jirani na Ellis Park, tarehe 21 Machi 1998. Maonyesho 93 kwa jumla, la kwanza jangwani Nevada, la mwisho hapa kwetu. Kama kuna mahali pa kupimia methali ya wahenga, ni hapo.

Las Vegas ilikuwaje? Ilikuwa mbovu. Simsingizii mtu, wanamuziki wenyewe wamekiri mara nyingi. Meneja wao, Paul McGuinness, alishakodi viwanja na kupanga tarehe kabla albamu haijaisha. Albamu hiyo, Pop, ilitarajiwa itoke mwishoni mwa 1996, ikachelewa mpaka Machi 1997, na wiki ambazo zingekuwa za mazoezi zililiwa na kazi ya studio. Wakapanda jukwaani chini ya skrini kubwa kuliko zote zilizokuwa zimejengwa mpaka siku ile, pamoja na tao la rangi ya dhahabu, zeituni lililochomwa kwenye kijiti kirefu, na limau kubwa linalong'aa ambalo wanamuziki walitoka ndani yake kama vifaranga. Vyote hivyo vilikuwa tayari. Nyimbo ndizo hazikuwa tayari. Katikati ya Staring at the Sun wakapoteana, wakasimama mbele ya umati, wakaanza upya.

Na nani alikuwepo kuyashuhudia hayo? Waandishi wa habari. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo kazi ya mwanahistoria inapoingia. Magazeti makubwa hupeleka watu wao kwenye usiku wa kwanza. Ndio habari: jukwaa jipya, nyimbo mpya, watu maarufu kwenye viti vya mbele. Usiku wa 40 si habari, na usiku wa 93 huku kusini kwa Zambezi ndio kabisa. Kwa hiyo PopMart ilipewa jina baya siku ya kwanza, na jina hilo likaifuata kila ilikokwenda. Televisheni ya ABC ya Marekani ilirusha kipindi maalumu siku moja baada ya ufunguzi wa ziara, kikatazamwa na watu wachache mno, na hilo nalo likaongezwa kwenye mashtaka. Ukisoma leo yaliyoandikwa kuhusu ziara ile utakuta kurasa nyingi juu ya Las Vegas na mistari miwili juu ya Johannesburg. Mtu asiyejua jinsi nyaraka zinavyozaliwa atadhani uwingi wa karatasi ndio uzito wa tukio. Sie tuliosoma historia ya pwani kupitia barua za makonsuli wa Kizungu tunaufahamu mtego huo vizuri.

Baada ya Las Vegas kazi ya kweli ikaanza. Wimbo ule uliowapotea walikuja kuuvua mapambo yote, ukabaki magitaa mawili na sauti mbili, Bono na The Edge, na ukasimama. Mpangilio wa nyimbo ukabadilishwa. Mjini Oslo, Agosti 1997, limau liligoma kufunguka na wanamuziki wakanaswa ndani, kituko ambacho kingeua onyesho la usiku wa kwanza lakini kwa bendi iliyokwishazoea kikabaki kichekesho. Sarajevo, tarehe 23 Septemba, Bono alikuwa hana sauti kabisa. Watu wa mji ule, miaka michache tu baada ya kuzingirwa na mizinga, wakamwimbia wao. Mwaka 2002 bendi ilipotoa mkusanyo wa nyimbo zake za miaka ya 1990, baadhi ya nyimbo za Pop ziliwekwa humo zikiwa zimefanyiwa kazi upya. Fundi harudi kwenye kiti alichokwisha kukiuza kama anaamini kilikuwa imara.

Hili lisingemshangaza mtu aliyekulia Dar es Salaam enzi za dansi. Bendi zetu, Mlimani Park, JUWATA, Maquis na wengineo, hazikufanya kazi kwa mpango wa Las Vegas. Wimbo ulitungwa, ukapelekwa ukumbini, ukachezewa Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Wachezaji ndio waliokuwa mahakimu. Sehemu isiyoinua watu vitini ikakatwa, inayowainua ikarefushwa. Ukishakolea ndipo bendi ikaenda Radio Tanzania kuurekodi. Kwa hiyo wimbo uliorekodiwa ulikuwa tayari umekula chumvi. Bendi za roki zimeupindua utaratibu huo: kwanza studio, halafu tiketi, halafu watu ndio wanaotumiwa kujaribia. Anayenunua tiketi ya usiku wa kwanza huwa analipia mazoezi. Si ajabu wanaojua mambo, hata katika dansi letu, hawakuwa wakiingia ukumbini saa mbili usiku bendi inapopasha moto vyombo. Walikuja saa nne, saa tano.

Basi kama hoja ni ufundi, naiweka wazi: za mwisho ni bora, na bendi ikiwa imeanza kwa pupa tofauti ni kubwa mno. Lakini ningeishia hapo ningekuwa nimejibu swali la London, si la Johannesburg.

Yupo mzee mmoja rafiki yangu, Mpemba, mwalimu aliyefika mji huu mwaka 1996. Alikuwa uwanjani usiku ule wa 1998. Sie humwita Maalim. Nilipomweleza nadharia yangu ya ufundi alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Kijana wangu, wewe wahesabu makosa. Mtu wa mwisho hana kesho, basi hajibakizii." Alikuwa na maana kwamba mwimbaji aliyebakiwa na maonyesho arobaini huichunga sauti yake kama mtu anayechunga maji ya mtungi; akibaki na moja, humwaga yote. Nikamwambia, Maalim, hilo nalo ni ufundi. Akakataa. Akaniuliza ile ilikuwa tarehe ngapi.

Ilikuwa tarehe 21 Machi. Kwa mtu wa nje ni Jumamosi tu. Kwa mtu wa hapa ni siku ya Sharpeville, pale mwaka 1960 polisi walipowapiga risasi watu waliokusanyika kupinga vitambulisho vya kutembelea, wakafa 69. Baada ya uchaguzi wa 1994 ikafanywa sikukuu ya taifa, Siku ya Haki za Binadamu. Machi 1998 Mandela alikuwa bado Rais, na Tume ya Ukweli na Upatanishi chini ya Askofu Tutu ilikuwa bado haijakabidhi ripoti yake, ambayo ilitoka Oktoba mwaka huo. Na bendi hiyo haikuwahi kupiga Afrika Kusini kabla ya mwezi ule. Walianza Cape Town tarehe 16, wakaja hapa siku tano baadaye. Bono alikuwa mmoja wa walioshiriki mwaka 1985 katika rekodi ya Sun City, iliyoongozwa na Steven Van Zandt, mpiga gitaa wa Bruce Springsteen, ambamo wanamuziki waliapa hawatakanyaga huko ubaguzi ukiwapo. Kwa hiyo usiku ule ulikuwa wa 93 kwa bendi. Kwa mji ulikuwa wa kwanza.

Nadhani hapo ndipo wabishani wengi wanapopotea. Wanahesabu kwa kalenda ya ziara peke yake. Mji nao una kalenda yake, na hizo mbili hazilingani.

Ili nisionekane natetea mji kwa kuwa naishi humo, tazameni jinsi kalenda ya mji ilivyoweza kuharibu pia. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka nchi zote ziisusie Afrika Kusini kiutamaduni kwa azimio la Desemba 1980. Waliokuja licha ya hilo hawakuja Soweto wala Ellis Park. Wengi walikwenda Sun City, ule mji wa kamari uliofunguliwa 1979 katika Bophuthatswana, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Johannesburg, katika kile kilichoitwa nchi huru ambayo Umoja wa Mataifa haukuitambua. Queen walikwenda Oktoba 1984. Ziara yao ya The Works ilikuwa ndiyo kwanza imeanza Ulaya mwezi Agosti, yaani kwa hesabu ya wale wa "nenda mwanzoni" hicho kilikuwa kipindi cha sauti mbichi na hamu tele. Sauti ya Freddie Mercury ikakatika usiku wa kwanza na maonyesho kadhaa yakafutwa. Waliporudi kwao wakakuta faini ya chama cha wanamuziki cha Uingereza na majina yao kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa. Sitaki kuifanya koo la mtu kuwa hukumu ya Mungu. Koo ni koo. Ila hata lingekuwa zima, onyesho lile lingekuwa limepigwa mbele ya walioweza kulipa na kuruhusiwa kufurahi, huku vitongoji vyenyewe vikiwa tayari vimeanza kuwaka moto tangu Septemba ile.

Wakati huo mtu wa Johannesburg aliyetaka kuona onyesho la halali alikwenda Harare. Februari 1987 Paul Simon alipiga katika uwanja wa Rufaro, ziara ya Graceland ikiwa changa kabisa, na wako waliovuka mpaka kumfuata. Hapo ilikuwa ni mwanzo wa ziara, na ilikuwa nzuri. Filamu yake ipo, ye yote anaweza kuhakiki. Lakini angalieni kwa nini. Msingi wa nyimbo zile ulipigwa Johannesburg yenyewe, Februari 1985, na wapigaji wa hapa kama Ray Phiri na Bakithi Kumalo, watu ambao mapigo yale walikuwa wakiyala na kuyanywa tangu utotoni. Jukwaani walikuwamo Miriam Makeba na Hugh Masekela, Makeba akiwa nje ya nchi yake tangu 1959 na Masekela tangu 1960, na sasa wamesimama karibu nayo kiasi hicho bila kuruhusiwa kuvuka. Ladysmith Black Mambazo nao walikuwa wameimba pamoja miaka mingi kabla Simon hajawasikia. Ziara ilikuwa changa, wanamuziki hawakuwa wachanga. Ndiyo maana nasema methali ile haifai kutumika kama rungu. Mwanzo wa nani?

Kinyume chake kikatokea miaka mitano baadaye. Desemba 1991 Umoja wa Mataifa ulilegeza susio la kiutamaduni, na Simon akawa mtu mashuhuri wa kwanza wa nje kuja, akiwa na baraka za ANC. Alipiga Ellis Park tarehe 11 Januari 1992. Ziara yake, hii ya Born at the Right Time, ilikuwa imeshatimiza mwaka mzima barabarani. Ilikuwa imepita Central Park, New York, Agosti 1991, mbele ya umati usiohesabika. Kwa ufundi, Johannesburg ilipata kitu kilichoiva. Lakini AZAPO na vijana wake walipinga ujio ule, bomu la mkono likarushwa kwenye ofisi iliyohusika na matayarisho, polisi wakajaa kila mahali, na watu waliofika wakawa pungufu sana ya waliotarajiwa. Vitongoji vilikuwa vinazika. Mwisho mzuri wa ziara ukaangukia siku mbaya ya mji. Ufundi haukuokoa kitu.

Rolling Stones, Februari 1995, usiku mbili Ellis Park, walifika katikati ya ziara yao ya Voodoo Lounge iliyoanza Washington Agosti 1994 na kwisha Rotterdam Agosti 1995. Hao sina la kusema zaidi. Bendi iliyopiga pamoja tangu 1962, mwanzo na mwisho wa ziara ni kama kuuliza bahari inaanzia wimbi gani.

Kuna jaribio lingine ambalo laiti lingepangwa na mtaalamu wa maabara lisingekuwa zuri zaidi: bendi ile ile, mji ule ule, miaka 13 baadaye. U2 walirudi tarehe 13 Februari 2011 katika FNB Stadium, ule uwanja wenye umbo la kibuyu uliojengwa upya kwa Kombe la Dunia la 2010. Ziara ya 360° ilianza Barcelona tarehe 30 Juni 2009 na ilikuwa bado miezi mitano imalizike. Safari hii mwenzenu nilikuwapo, juu kabisa, mahali ambapo mtu huona zaidi skrini kuliko watu. Walihudhuria zaidi ya watu 94,000. Bendi ilikuwa haijapiga tangu katikati ya Desemba huko Perth, kwa hiyo ilikuwa na vyote viwili: nyimbo zilizoiva kwa mwaka na nusu, na vifua vilivyopumzika karibu miezi miwili. Kama wale wa mwanzo na wale wa mwisho wangekaa kikao kutafuta usiku wa kati, wangechagua huo. Hakuna aliyekosea noti wala kupoteana. Masekela, ambaye sasa alikuwa nyumbani, alitoka na tarumbeta lake, na pale nilisimama kama wenzangu wote.

Lakini nikiwa mkweli wa roho, kwa muda mrefu usiku ule nilikuwa natazama kazi nzuri ya watu wengine. Mji haukuwa umengoja kitu. Kombe la Dunia lilikuwa limepita miezi saba, viwanja vilikuwa vipya, wageni wakubwa walikuwa wanakuja kila mwaka. Maalim hakwenda. Alisema tiketi ni ghali na goti linamuuma, sababu ambazo sikuziamini zote mbili.

Tarehe 1 Februari 2014 akaja Springsteen, uwanja huo huo wa FNB. Hapa ndipo watu wa mahesabu wanapovurugika kabisa, maana ziara ya High Hopes ilifunguliwa Afrika Kusini: Cape Town usiku tatu mwishoni mwa Januari, Johannesburg wa nne. Kwa mara moja sie tulipakuliwa kwanza! Nikawasikia watu wakijipongeza kama walioshinda uchaguzi. Lakini bendi yenyewe ilikuwa barabarani tangu Machi 2012 kwa jina la ziara nyingine, Wrecking Ball, iliyokwisha Brazili Septemba 2013. Ilipumzika miezi minne, ikabadilisha jina kwenye fulana, ikaendelea. Jina la ziara ni lebo ya kuuzia. Ukitaka kujua bendi imeiva au la, hesabu siku walizopiga pamoja, si namba iliyoandikwa kwenye tiketi. Na kalenda ya mji? Mandela alifariki tarehe 5 Desemba 2013, na ibada ya kitaifa ya kumkumbuka ilifanyika kwenye uwanja huo huo, tarehe 10, mvua ikinyesha. Hata miezi miwili haikuwa imetimia. Springsteen, ambaye naye aliimba katika rekodi ile ya Sun City, usiku wake wa kwanza Cape Town alifungua kwa wimbo wa zamani wa Waingereza waliodai Mandela aachiwe. Hakuwa amekanyaga nchi hii na bendi yake kabla ya hapo. Kwa kipimo changu huo wa FNB, kalenda mbili zikikutana, ndio usiku pekee unaoweza kuwekwa kwenye mizani na ule wa 1998.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, aende mwanzo au mwisho? Kama anaishi Ulaya na nauli anayo, aende mwisho, au walau baada ya usiku wa ishirini, na asiwasikilize wanaojisifu kwamba walikuwapo siku ya ufunguzi. Kama anaishi Johannesburg, aache kujidharau kwa kuletewa mwisho. Kinachomhusu ni kama mji wake una sababu ya kuwa uwanjani usiku ule. Hilo promota hawezi kulipanga, na wala bendi haiwezi kulifanyia mazoezi.

Nimalizie na jambo la nyaraka. U2 walipotaka kuiuzia dunia filamu ya PopMart, hawakuchagua Las Vegas, na hawakuchagua Johannesburg. Walichagua Mexico City, tarehe 3 Desemba 1997, miezi saba baada ya ule usiku wa aibu na zaidi ya miezi mitatu kabla ya ule wa Doornfontein. Kwa ufundi walichagua vizuri, nimeitazama mara nyingi. Nilimpelekea Maalim nakala, tukaitazama pamoja nyumbani kwake mpaka mwisho, akiwa na kikombe chake cha kahawa. Alisifu mwanga, akasifu ngoma. Kisha akaniuliza kama ipo na ya kwao, ile ya tarehe 21. Nikamwambia rasmi haikutolewa. Akasema, "Basi zima," akaenda kuswali Isha.